Uchungu, Jazba na Heshima: Historia ya Hisia katika Siasa za Kariakoo

1. Utangulizi

Katika mijadala ya siasa nchini Tanzania husikika mara kwa mara kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza huwataka wananchi wazungumze kwa hoja, wasizungumze kwa jazba. Ya pili huwalaumu viongozi kwamba hawana uchungu na nchi. Kauli zote mbili huweza kutolewa katika mkutano mmoja, pengine na msemaji mmoja, na hadhira ikazipigia makofi bila kuona mgongano. Lakini mgongano upo. Kauli ya kwanza inachukulia kwamba hisia ni adui wa siasa njema; ya pili inachukulia kwamba siasa isiyo na hisia ni siasa mfu.

Mhadhara huu unauchunguza mgongano huo kwa kufuata historia ya mahali pamoja, yaani Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kariakoo imechaguliwa kwa sababu ndani ya mitaa yake michache, pamoja na uwanja jirani wa Mnazi Mmoja, chama kilichodai uhuru kilizaliwa, soko kuu la nchi likajengwa, na watu wa makabila na dini mbalimbali wakalazimika kutafuta lugha moja ya kuelezana furaha na manung'uniko yao. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo historia ya hisia za kisiasa za Kariakoo ni sehemu ya historia ya Kiswahili chenyewe.

Hoja kuu inayotetewa ni hii: hisia hazijawahi kuwa nje ya uraia. Jambo ambalo limekuwa likigombaniwa tangu enzi ya ukoloni ni nani mwenye haki ya kuipa hisia jina. Maumivu yaleyale huitwa uchungu yakikubaliwa kuwa ni ya haki, na huitwa jazba au fujo yakikataliwa. Uraia wa kidemokrasia hustawi pale ambapo jamii ina njia zinazotambulika za kuyafikisha maumivu mbele ya wengine yakageuka hoja. Hudhoofika pale njia hizo zinapozibwa.

2. Ushahidi wa msamiati

Inafaa kuanza na neno siasa lenyewe. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20, kama ile ya Madan ya mwaka 1903, zililieleza neno hili kwa maana ya upole, uangalifu na utaratibu. Kumwendea mtu kwa siasa kulikuwa ni kumwendea taratibu, kwa kuchunga hali ya moyo wake. Maana ya utawala na mashindano ya vyama, ambayo leo ndiyo ya kwanza kumjia msemaji, ilienea baadaye. Kwa Waswahili wa zamani, basi, siasa ilikuwa karibu na sanaa ya kuzimudu hisia: za mtu mwenyewe na za yule anayezungumza naye.

Neno hasira nalo lina historia inayofundisha. Katika Kiarabu neno lenye asili hiyo hutaja majuto na masikitiko. Katika Kiswahili limekuwa ghadhabu. Kwa hiyo ndani ya hasira ya Mswahili kumefichwa huzuni. Jambo hili linakubaliana na maelezo ya Aristotle, aliyesema kwamba hasira ni maumivu yatokanayo na kudharauliwa pasipo haki. Heshima imesafiri mwendo kama huo. Asili yake ya Kiarabu inahusu haya na staha. Katika Kiswahili imepanuka ikawa pia hadhi ambayo mtu anastahili kupewa na wenzake. Aliyenyimwa heshima amedharauliwa, na aliyedharauliwa ana sababu ya hasira. Maneno haya yanaunda mfuatano mmoja, na karibu kila tukio litakalotajwa hapa chini linapita katika mfuatano huo.

Jazba limetoka katika msamiati wa tasawufi, ambako lilitaja mvuto wa kiroho unaomchukua mtu hadi akatoka katika hali yake ya kawaida. Katika siasa za leo limebaki na maana ya kuchukuliwa, ila mvuto umepotea na lawama imeingia. Uchungu, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu lenye heshima zote. Ni ladha ya shubiri, ni maumivu ya uzazi, na ni msiba wa aliyefiwa. Methali isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi inamfanya mwenye uchungu kuwa mwenye haki. Anayesema ana uchungu na nchi anadai uhusiano wa mzazi na mwana, na dai hilo linaungwa mkono na muundo wa neno mwananchi, yaani mwana wa nchi. Neno raia halina joto hilo. Asili yake ya Kiarabu iliwataja wanaochungwa, kama kundi na mchungaji wake.

Liko pia neno mkereketwa. Kitenzi kereketa hueleza kitu kinachowasha kooni. Mkereketwa wa chama ni mtu ambaye mambo ya chama yanamwasha, hawezi kukaa kimya. Vibao vya mashina ya wakereketwa wa CCM vilivyosimikwa mitaani, pamoja na bendera zake, ni ushahidi kwamba hata chama tawala, kinachohimiza utulivu, kimelikubali jina linalomsifu mwanachama kwa kuwashwa kwake.

3. Kariakoo: mtaa uliozaliwa na dharau

Jina Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916, na jengo la soko lililoanzishwa na Wajerumani pamoja na eneo lake likawa kambi ya wapagazi. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa, walihesabika kwa makumi ya maelfu. Majina ya wengi wao yamesahaulika. Kambi yao ndiyo iliyobaki kuwa jina la mtaa.

Utawala wa Waingereza uliugawa mji katika maeneo matatu. Uzunguni kulikuwa kwa Wazungu, Uhindini kwa wafanyabiashara wa Kiasia, na Kariakoo kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenganisha Waafrika na wengine. Mpaka huo ulikuwa somo la kila siku la dharau, kwa kuwa aliyekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni aliuvuka mara mbili. Wakati huohuo, ndani ya Kariakoo yenyewe, heshima ilikuwa ikigombaniwa upya. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na watu ambao wazazi wao hawakuhesabiwa kuwa waungwana walipata viwanja, wakajenga nyumba za vyumba sita na kujiunga na vyama vya ngoma. Mjini mtu aliweza kuidai heshima kwa mwenendo na mavazi yake, hata kama ukoo wake haukumpa.

Mwaka 1929 ilianzishwa African Association, na ofisi yake ikawa katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu. Jina la gazeti hilo lilitosha kuwa hoja. Katika mji ambamo Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kutafuta kazi, kusema kwetu kulikuwa ni kudai mahali.

4. Ngoma, mashairi na uhuru

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa huo wa New Street. Historia iliyozoeleka huanza na wasomi na katiba yao. Lakini kilichokigeuza chama cha wachache kuwa cha umma kilikuwa na mizizi mahali pengine. Mwaka 1955 John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alizuru Dar es Salaam, akauliza kama TANU ilikuwa na kitengo cha wanawake. Aliyejitokeza kuwaongoza wanawake hao alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwanachama mwenye kadi namba 16, ambaye mjini alijulikana zaidi kama mwimbaji wa ngoma ya Bomba. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, na hao wakawaita wenzao. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamekata kadi.

Mafanikio hayo yanaeleweka yakitazamwa kwa jicho la lugha. Chama cha ngoma kilikuwa tayari shule ya hisia za pamoja. Kilikuwa na viongozi waliochaguliwa, michango, sare, wajibu wa kuzikana na kusaidiana, na namna ya kumjibu mpinzani kwa wimbo wa mafumbo badala ya ngumi. Mwanamke aliyezoea kusimama mbele ya watu akaimba alikuwa amekwisha kujifunza jambo ambalo karani wa serikali hakulijua: namna ya kuufanya uchungu wake uwe wa wote waliomsikiliza.

Ushairi ulifanya kazi iyo hiyo. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU, alikuwa malenga kabla ya kuwa mwanasiasa. Amri Abedi, aliyechapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, ndiye aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Si ajabu kwamba bingwa wa vina na mizani aliaminiwa kuongoza mji. Shairi la kujibizana katika gazeti lilimruhusu mtu kusema jambo kali, kwa sharti kwamba alipime, alisawazishe, na amwachie mwenzake nafasi ya kujibu. Hiyo ni siasa katika maana yake ya zamani.

Jaribio kubwa lilikuja Januari 1958 katika mkutano wa TANU wa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamuru kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki: mpango huo uliwadharau Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote. Nyerere alitetea kushiriki, na mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama cha African National Congress. Uamuzi wa Tabora umeingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Jina hilo lisimfanye msomaji aone kwamba siku ile akili iliishinda hisia. Wajumbe hawakuambiwa waache kuudhika; walioneshwa kwamba walichoudhikiwa kingeondoka upesi zaidi kwa njia ya kura. Walisikilizwa kwanza, ndipo wakashawishika.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1959, akiwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere aliitoa ahadi ya mwenge ambao ungewashwa juu ya Kilimanjaro. Alichoahidi hakikuwa barabara wala shule. Alitaja matumaini kwa waliokata tamaa, upendo palipo na chuki, na heshima palipo na dharau. Taifa lilielezwa kwa hisia kabla halijaelezwa kwa katiba. Na Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia na baadhi ya wabunge wakataka uraia ufuate rangi, Nyerere aliwajibu kwa ukali usiofichika, akasema serikali yake ingejiuzulu iwapo ubaguzi huo ungepita. Siku hiyo uraia usiobagua ulitetewa kwa hasira.

5. Dola inapohisi kwa niaba ya wananchi

Baada ya uhuru, uwezo wa kuzipa hisia majina ulihamia kwa chama na serikali. Kwa upande mmoja jambo hilo lilizaa matunda. Neno ndugu lilichukua nafasi ya vyeo vya kubaguana, na ahadi ya mwana TANU iliwatambua binadamu wote kuwa ndugu. Kwa upande mwingine, chama kilianza kuwaamulia watu nini kiwaudhi na nini kiwatie aibu.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kupiga marufuku sketi fupi na mavazi mengine ya kubana kuanzia Januari 1969. Kabla marufuku haijaanza, makundi ya vijana waliwavamia wanawake katika kituo cha mabasi cha Kariakoo, na polisi wakalazimika kuwatawanya. Waliofanya hivyo walidai kulinda heshima ya taifa. Kisa hiki kinaonesha upande wa giza wa neno heshima. Mwaka 1955 heshima ilikuwa dai la wanawake wa Kariakoo dhidi ya mkoloni. Mwaka 1968, katika mtaa uleule, ilikuwa fimbo ya kuwapigia wanawake. Maana ya kwanza ya neno, ile ya haya na staha, iliwekwa mabegani mwao, na maana ya pili, ile ya hadhi anayostahili mtu, wakanyimwa. Hata hivyo mjadala haukuzimika. Barua kwa wahariri zilimiminika katika magazeti, nyingine zikiunga mkono na nyingine zikihoji nani aliyempa kijana wa mtaani mamlaka ya kupima urefu wa nguo ya mwenzake.

Chuki nayo ilipewa msamiati wake. Kupe, mrija na mnyonyaji yalikuwa majina ya kumtambulisha adui wa Ujamaa. Yalieleza dhuluma ya kweli, lakini katika mji uliogawanywa kwa rangi yaliweza kwa urahisi kumwangukia jirani wa Kiasia kwa sababu ya asili yake tu, hasa baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. Mwaka 1983, wakati bidhaa zilipoadimika, kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine iliungwa mkono na wengi waliokuwa wakipanga foleni za sukari na sabuni. Uchungu wa foleni ulikuwa halisi. Lakini mtu akishaitwa kupe, hasikilizwi tena, kupe hung'olewa. Hapo ndipo sitiari inapokuwa hatari kwa uraia.

6. Vyama vingi na lugha ya woga

Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Wengi walihofia kuvurugika kwa amani. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, na sheria ikaanza kutumika mwaka 1992. Hofu hiyo haikuondoka; iligeuka kuwa hoja ya kudumu ya kampeni kwa jina la amani na utulivu. Wapinzani nao walileta hisia zao. Mwaka 1995 wafuasi wa Augustino Mrema walilisukuma gari lake kwa mikono yao kwa fahari. Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2000 chama cha CUF kilijitangaza kuwa ngangari, na Jeshi la Polisi likajibu kuwa ni ngunguri. Kwa mwanaisimu maneno haya mawili yanavutia kwa mlio wake. Kwa mwananchi yalitisha, kwa sababu yalikuwa maneno ya kutunishiana misuli, yasiyo na hoja ndani yake ya kujibiwa.

Pamoja na hayo Kariakoo iliendelea kuwa na mifereji yake ya zamani. Vijiwe vya kahawa vilibaki mabaraza ya kusomeana magazeti na kubishana. Mfereji mwingine ni utani. Klabu za Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zote zina makao katika mitaa ya Kariakoo, na Kiswahili kimeziita watani wa jadi. Jina hilo limetolewa katika desturi ya makabila ambayo huwaruhusu watani kutukanana pasipo kukasirikiana, na huwalazimu kusaidiana msibani. Mshabiki anayemkejeli jirani yake Jumamosi na kumzikia mzazi wake Jumatatu amejizoeza fadhila ambayo demokrasia inaihitaji sana: kushindana na mtu bila kumfanya adui.

7. Kutoka kero hadi kikao

Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Walilalamikia kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato Tanzania na masharti mapya ya usajili wa stoo. Maelezo yao mbele ya vyombo vya habari yalikuwa ya watu waliochoshwa na kudhalilishwa zaidi kuliko ya watu waliolemewa na hesabu za kodi. Siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Wafanyabiashara walipewa kipaza sauti mmoja baada ya mwingine. Kikosi kazi kikasimamishwa, kamati ikaundwa. Katika uwanja ulioachwa wazi na wakoloni ili kuwatenga watu, maumivu yalipata jina la kero, na kero ikapata kikao.

Mfano huu usikuzwe kupita kiasi. Maduka yalifungwa tena Juni 2024, dalili kwamba kusikilizwa mara moja hakutoshi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine. Watu waliuawa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na intaneti ikazimwa. Tume ya uchunguzi iliundwa mwezi uliofuata. Tofauti kati ya Mei 2023 na Oktoba 2025 ina sababu nyingi, lakini mojawapo inahusu moja kwa moja mada hii. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa na mahali pa kupeleka hasira yao na mtu wa kuipokea. Hasira iliyokosa mpokeaji hurudi katika asili ya neno lake, ikawa huzuni na majuto kwa wote.

8. Hitimisho

Martha Nussbaum, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu hisia za kisiasa, ametetea wazo kwamba jamii za haki zinahitaji kulea hisia zinazowaunganisha raia. Historia ya Kariakoo inalikubali wazo hilo na kuliongezea sharti. Kabla ya kuuliza ni hisia zipi zilelewe, ni lazima kuuliza nani anayezipa majina, na kama aliyeitwa mwenye jazba ana nafasi ya kujibu kwamba alicho nacho ni uchungu.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili unaonekana hapa waziwazi. Mashairi ya magazetini, nyimbo za ngoma, barua kwa wahariri na mazungumzo ya vijiweni kwa kawaida huhesabiwa kuwa data ya fasihi au ya isimujamii. Ni zaidi ya hivyo. Ni kumbukumbu za namna watu wa mji huu walivyojifunza kuudhiana na kuendelea kuishi pamoja. Nyimbo nyingi za ngoma za miaka ya 1950 zimebaki vichwani mwa wazee tu, na kila mwaka wazee hao wanapungua. Kuzikusanya ni kazi ya dharura ya isimu, na ni kazi ya uraia pia.